Ubao wa Matangazo Nyuma ya Kabati

Ukitaka kumjua Bi Muhuri, mtazame anavyofungua droo ya meza yake. Haivuti. Anaigonga kwanza ubavuni kwa kiganja, mara moja tu, nayo inatoka yenyewe. Ndani yake kuna kidau cha wino wa zambarau, kitambaa cha kufutia, na muhuri wa mpira uliompa jina. Muhuri unasema WANANCHI WAMESHIRIKISHWA, na chini yake pana mstari wa sahihi na wa tarehe. Kwa miaka kumi na minane hakuna kanuni iliyopigiwa kura na madiwani wa mji ule kabla karani huyu wa kumbukumbu hajaugonga muhuri wake na kutia sahihi. Kanuni za taka, za mbwa wazururaji, za kelele za spika, zote zilipita mikononi mwake.

Na kazi aliipenda, usimcheke. Kumbukumbu zake za vikao zilikuwa safi kiasi kwamba hata diwani aliyesinzia kikao kizima, akizisoma, alijikuta amechangia hoja. Hakuwahi kukosea tarehe. Wenzake walipokuwa wakienda kunywa chai saa nne, yeye alibaki kuhakiki nukta na mikato, kisha akanywa ya kwake imeshapoa.

Sasa sikiliza utaratibu wenyewe, maana ndio uliozaa yote haya. Kila pendekezo la kanuni lilipaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri kwa siku kumi na nne, watu walisome na kupeleka maoni yao kwa karani. Ubao ulikuwepo, tena mzuri, kwenye ukuta wa korido ya chini. Ila miaka kumi iliyopita walikuja mafundi rangi, wakalisogeza kabati la chuma la mafaili, wakaliegemeza palepale kwenye ubao, wakapaka rangi yao na kwenda zao. Kabati lilikuwa zito. Kila mtu akasema litarudishwa mahali pake Jumatatu, na Jumatatu hiyo haikufika.

Mtu mwingine angekwenda kulalamika. Bi Muhuri alitafuta rula. Alipata ya mbao, ya urefu wa mita moja, iliyosahauliwa na mpima viwanja. Akawa analipaka tangazo gundi kwa nyuma, analilaza kwenye rula, analipenyeza kwenye upenyo kati ya kabati na ukuta, anasukuma taratibu mpaka anahisi limegusa ubao, kisha anakandamiza. Halafu anasubiri siku kumi na nne. Maoni yasipokuja, na yangekujaje, anagonga muhuri. Hakuwa akidanganya, kwa sababu tangazo kweli lilikuwa ubaoni. Usiniulize mtu mwenye akili timamu aliwezaje kufanya hivyo miaka kumi bila kujicheka. Muulize yeyote aliyekaa ofisi moja muda mrefu.

Kuna siku moja tu jambo hilo lilimgusa, miaka tisa iliyopita, nalo hakupenda kulikumbuka. Mama yake mzazi alikuwa na kibanda cha chai nje ya uzio wa hospitali. Ikapita kanuni ya kuondoa vibanda vyote karibu na uzio, na asubuhi moja mgambo wakaja, wakabeba birika, meza na benchi. Mama alirudi nyumbani na kikapu cha vikombe, akauliza, "Hata kuulizwa, mwanangu? Hata mtu mmoja kutuuliza?" Bi Muhuri, aliyekuwa amegonga muhuri wa kanuni hiyo kwa mkono wake, akajibu, "Tangazo lilibandikwa, mama. Hamkulisoma." Mama hakuuliza tena. Tangu hapo waliishi nyumba moja kwa amani, wakicheka na kutaniana, ila habari ya kibanda hakuna aliyeigusa.

Mwaka huu likaja suala la maji. Pampu ya mji ilikuwa imezeeka na haikuweza kusukuma maji mtaa wa juu na mtaa wa chini kwa wakati mmoja. Mhandisi wa maji, kijana mwenye kalamu za rangi sita, akachora ratiba: mtaa wa juu wapate asubuhi, mtaa wa chini wapate kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Tatizo ni kwamba mtaa wa chini ndiko waliko madobi wote wa mji, wanaofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni, na mmoja wao alikuwa wifi yake Bi Muhuri, mke wa kaka yake.

Wifi alizisikia habari hizo Jumapili, wamekaa ukumbini kwa Bi Muhuri wakikunja nguo. Bi Muhuri aliitaja ratiba hivihivi tu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

"Saa tisa?" wifi aliuliza. Shuka lilimbaki mikononi. "Nifue saa tisa, nianike saa kumi na moja, jua la wapi hilo?"

"Kura ni Ijumaa hii," Bi Muhuri alisema. "Tangazo lina siku kumi na mbili sasa."

"Liko wapi? Mbona sijaliona?"

"Liko ubaoni, wifi. Ofisini kwetu."

"Haya. Jumanne nakuja kulisoma," wifi alisema, "kwa macho yangu haya mawili."

Na kweli Jumanne saa tatu asubuhi alifika, viatu vya mpira miguuni, mikono bado ina povu kwenye viwiko. Bi Muhuri akampeleka koridoni. Walipofika alinyoosha mkono kumwonyesha, na mkono ukabaki hewani.

"Hili ni kabati," wifi alisema.

"Ubao uko nyuma yake."

Wifi akachungulia upenyo kwa jicho la kulia. Akahamia upande wa pili, akachungulia kwa jicho la kushoto. "Na nyinyi mnalifikishaje huko?"

Bi Muhuri alikuwa ameshaanza kuhisi joto masikioni. Akaenda kuleta rula. Wifi aliitazama rula, akalitazama kabati, akamtazama wifi yake aliyevaa miwani yake ya kazi na beji yake kifuani, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka akajishika mbavu, akajifuta machozi kwa mkono wenye povu, macho yakamwasha, akacheka tena. Halafu akanyamaza ghafla. "Wifi," alisema, "mimi nina mashuka mia mbili kwa wiki. Hospitali wakiletewa mbichi wiki moja tu, wiki ya pili wanatafuta dobi mwingine. Na wewe unanipenyezea habari yangu nyuma ya kabati."

Bi Muhuri alisimama pale na rula yake. Aibu ilimshika kuanzia visigino. Lakini chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kingine kikipanda, kitu kinachofanana sana na furaha, ile ya mtu aliyehangaika na mlango miaka mingi akiusukuma, kumbe ni wa kuvuta. Akamwita tarishi, mzee aliyebakiza miezi mitatu kustaafu. "Tulisogeze hili."

"Lini?" tarishi aliuliza. "Jumatatu?"

"Sasa hivi."

Wakalisukuma watatu, wifi akiwa mbele kwa kuwa ndiye mwenye mabega. Kabati lilipiga kelele sakafuni, watu wakatoa vichwa milangoni, na ubao ukatokea. Au tuseme yalitokea matangazo, maana ubao wenyewe haukuonekana. Yalikuwa yamebandikana tabaka juu ya tabaka, gundi imekauka, na hewa ilipoyafikia yakaanza kubanduka na kudondoka moja moja, mengine mawili mawili, ya miaka kumi. Tarishi akatazama saa yake bila sababu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Karatasi moja ikaangukia kiatu cha Bi Muhuri. Akainama, akaisoma mstari wa kwanza: kuondolewa kwa vibanda pembezoni mwa uzio wa hospitali. Chini kabisa iliandikwa kwamba maoni yapelekwe kwa karani wa kumbukumbu ndani ya siku kumi na nne, na pembeni palikuwa na herufi za kwanza za jina lake mwenyewe.

Aliikunja, akaitia mfukoni, akapanda ngazi mbili mbili hadi kwa Katibu wa halmashauri.

Katibu alikuwa mtu mwembamba, muungwana, aliyeogopa vitu viwili tu duniani: Mwenyekiti wa madiwani, na barua kutoka makao makuu. "Ndiyo, Bi Muhuri," alisema bila kuinua macho. "Cheti cha ratiba ya maji. Gonga tu, Ijumaa hiyo imeshafika."

"Siwezi, mkuu."

Macho yakainuka. Bi Muhuri akaweka kitabu cha kanuni mezani, akafungua ukurasa. "Hapa panasema tangazo libandikwe mahali ambapo watu wanaliona, na siku kumi na nne zihesabiwe tangu linapoonekana. Nimelisoma neno hilo miaka yote na sijawahi kuliona mpaka leo. Tangazo la maji limeonekana leo saa tatu na nusu asubuhi. Tarishi ni shahidi."

Katibu alikitazama kitabu. Akili yake ilionekana ikitembea, chumba hadi chumba. "Na yale mengine?" aliuliza taratibu. "Ya miaka kumi?"

"Nayo yameonekana leo saa tatu na nusu."

Katibu akainuka, akafunga dirisha. "Hilo usilitamke tena kwa sauti." Akarudi kukaa, akazungusha kalamu. "Nitaahirisha. Jumanne ya wiki ya pili kutoka leo: wananchi waje watoe maoni, na madiwani wapige kura palepale. Lakini nisikilize vizuri. Mwenyekiti atasema tumempotezea wiki mbili. Ukumbi ukiwa mtupu, ratiba itapita kama ilivyo, na mimi nitaisaini mwenyewe bila muhuri wako. Umenielewa?"

Bi Muhuri alielewa. Alishuka zile ngazi akiwa mwepesi, na magoti yake yalishangaa.

Jioni ile, kabla hata ya kuvua viatu, aliweka karatasi ya uzio wa hospitali mezani mbele ya mama yake. Alikusudia kueleza vizuri, kwa mpangilio, kama kumbukumbu za kikao. Yakatoka maneno matatu tu. "Nisamehe, mama yangu." Mama akatafuta miwani, akasoma mstari kwa mstari huku midomo ikitembea, akafika mwisho, akarudi mwanzo. Hakulia wala hakulaumu. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya mkebe wa sukari.

"Kikao ni lini?" aliuliza.

"Jumanne, wiki mbili kutoka leo, mama. Ila hicho ni cha maji."

"Nimeuliza lini, sijauliza cha nini."

Siku zilizofuata mji ule ulimjua Bi Muhuri. Kwanza aliliandika tangazo upya, kwa sababu wifi alilisoma la zamani lote, kuanzia "kwa kuzingatia uwezo wa mitambo" mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hapa wamesema nini?" La pili lilikuwa na mistari mitatu: maji yatatoka mtaa wenu saa fulani mpaka saa fulani, kama saa hizo zinakufaa au zinakukwaza, njoo useme, Jumanne saa nane mchana, ukumbi wa halmashauri. Akalibandika ubaoni, ambao sasa ulikuwa mweupe na peke yake pale koridoni, kisha akatoka nalo nje. Kwenye mabomba. Kwenye mlango wa zahanati. Kwa kinyozi, ambaye alilibandika kwenye kioo chenyewe, wateja wakawa wanalisoma huku wakinyolewa. Alikuwa hajawahi kutembea mji huu kwa miguu namna hiyo, na kila aliyesimama kusoma alimpa hamu ya kubandika jingine.

Wifi alimsaidia kwa moyo wote mpaka walipofika njia panda ya kwenda mtaa wa juu. "Huko unakwenda kufanya nini?" alimuuliza. "Wale ndio wamepewa asubuhi. Ukiwaita watakuja kutupinga."

"Nao ni wananchi, wifi. Muhuri wangu hausemi wananchi wa chini."

"Muhuri wako utaniua njaa."

Hata hivyo alishika kopo la gundi na kumfuata, akinung'unika mlima mzima.

Jumanne ikafika. Bi Muhuri alipanga viti mia moja, akajiona ana tamaa, akaondoa arobaini, akavirudisha. Saa nane kasorobo ukumbini kulikuwa na watu wanne, na mmoja wao alikuwa amekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Mwenyekiti wa madiwani alitazama viti vitupu, akamtazama Katibu, Katibu akatazama dari. Saa nane kamili hakuna kilichobadilika. Saa nane na dakika tano zikasikika ndala nje, nyingi, na wakaingia madobi wa mtaa wa chini kwa mkupuo, mikono imekunjamana kwa maji, mmoja akiwa bado na vibanio vya kuanikia kwenye ukingo wa blauzi. Nyuma yao wauguzi. Nyuma yao kinyozi na mteja aliyenyolewa nusu. Halafu, kwa mlango wa pili, watu wa mtaa wa juu. Viti mia moja vikajaa, madirisha yakajaa. Bi Muhuri alikaa kwenye meza yake ndogo pembeni, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe.

Mhandisi akatundika ramani yake, akaeleza bila kiburi: pampu ni moja, juu kuna watu wengi zaidi, na watu asubuhi wanataka kuoga waende kazini. Wifi akasimama. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, lakini alipouona ule umati alieleza tu kazi yake, saa kwa saa, kuanzia kuloweka mpaka kupiga pasi. Mashuka yanayoloanishwa saa moja asubuhi yamekauka saa nane. Yanayoloanishwa saa tisa yanalala mabichi, yanavunda, na yanayovunda ndiyo wanayolalia wagonjwa. Muuguzi mmoja alikuwa akitikisa kichwa kukubali tangu mwanzo hadi mwisho.

Kisha akasimama mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu, na wifi akamtupia Bi Muhuri jicho la kusema, unaona sasa.

"Kijana wangu," mwalimu alimwambia Mhandisi, "ni nani aliyekwambia sisi wa juu tunataka maji asubuhi?"

"Nilikadiria, mwalimu."

"Karibu nyumba zote kule zina matangi. Tunaoga maji ya tangi. Asubuhi mkileta maji tumeshatoka, tangi linajaa, linamwagika mpaka saa nne, barabara yote tope. Tuleteeni alasiri."

"Na wasio na matangi?"

Mpangaji mmoja akainua mkono kutoka dirishani. "Sisi ndio hao. Tunarudi kutoka kazini saa kumi. Asubuhi mabomba yakitoa maji, sisi hatupo."

Kila mtu akaanza kusema kwa pamoja. Mhandisi aligeukia ramani yake, akatoa kalamu nyekundu, akasita, akaikata ile ratiba yote kwa mstari mmoja. Akageuza: chini asubuhi, juu alasiri. Akasimama akiitazama kwa mshangao. Wiki sita alikuwa ameihangaikia, na jibu lilikuwa limekaa kwenye matangi ya watu. Wifi alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili. Mwenyekiti, ambaye ni mkali lakini si mjinga, akasema ijaribiwe miezi mitatu kisha watu waitwe tena hapahapa waseme imekwendaje. Mikono ya madiwani ikapanda: kumi na saba wanaunga mkono, wawili hawakusikia swali. Bi Muhuri aliandika mpaka kidole kikafa ganzi, na alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, kwa hiyo aliiweka kwenye mwandiko.

"Mengineyo," Mwenyekiti alisema akifunga faili, kwa sauti ya mtu anayejua hayapo.

Safu ya nyuma kiti kikasogea. Akasimama mama mzee aliyevaa nguo yake nzuri kuliko zote, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye chembechembe za sukari. Kalamu ya Bi Muhuri ikasimama.

"Mimi nimeleta maoni," mama alisema. "Ya vibanda vya hospitali. Nimechelewa kidogo. Miaka tisa." Watu wakacheka, naye akawasubiri wamalize. "Nilikaa pale miaka kumi na sita. Kibanda sikitaki tena, magoti yamekwisha. Lakini nilikuwa na benchi. Waliokuwa na wagonjwa ndani walikalia benchi langu wakisubiri waitwe, waliokunywa chai na wasiokunywa. Benchi lilibebwa siku ile. Nimepita pale juzi. Uzio upo, na watu wanakaa chini kwenye mavumbi, wengine wana watoto wachanga. Maoni yangu ni kwamba benchi lirudi. Ndiyo hayo. Kama mngeniuliza, ningewaambia siku ileile."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwenyekiti alikohoa. "Mama, tumekusikia. Ila kanuni hiyo ni ya zamani, na maoni yana muda wake. Siku kumi na nne." Akageukia meza ndogo ya pembeni. "Karani, si ndivyo?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Bi Muhuri. Katibu alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Alitazama daftari, akamtazama mama yake aliyesimama wima na miwani puani, kisha akainuka.

"Ndivyo, Mheshimiwa Mwenyekiti. Siku kumi na nne, zinahesabiwa tangu tangazo linapoonekana na watu." Akanyoosha kalamu kuelekea karatasi ya mama. "Tangazo hilo lilionekana Jumanne, wiki mbili zilizopita, saa tatu na nusu asubuhi. Leo ni siku ya kumi na nne. Mama yuko ndani ya muda."

Akakaa. Akageuza ukurasa mpya, akaandika jina kamili la mama yake, na chini yake akaandika neno benchi.